Jino Nililolipima na Lile Nililoliacha

Vijana wa gereji waliniaga kwa soda na keki, wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji kujua ni saa ngapi. Kisha mmoja wao akasema, "Papa Issa, utuandikie basi hata daftari moja. Mambo yako yote iko mu kichwa, na kichwa utaenda nacho." Alisema kweli, ingawa angeweza kuisema kwa adabu zaidi.

Basi nimenunua daftari. Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini. Hayo yaulizeni ofisini, mafaili wanayo. Nitaandika jinsi ya kukagua elevateri iliyotumika kabla mtu hajainunua, maana ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine zote, na nitaandika siku niliyoikagua vibaya. Kwa asiyejua, elevateri ni ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, yenye mlingoti mbele na vyuma viwili virefu vinavyoingia chini ya mzigo. Vyuma hivyo sisi tunaviita meno.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama yangu alilipiga pasi, akanisindikiza mpaka njia panda ya Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, akiwaambia majirani kwamba mwanawe anakwenda kuwa fundi. Saa nne lilikuwa si jeupe tena. Aliyenipokea alikuwa Papa Kabwe, fundi mzee wa Uvira, upande wa Kongo, mfupi, mkali, mwenye harufu ya grisi hata siku ya sikukuu. Alinisimamisha mbele ya elevateri moja akauliza, "We mutoto, unaona nini?"

Nikamwambia naona mashine nzuri, ina rangi mpya.

"Rangi! Mi nimekuuliza rangi? Mutu anapaka rangi mashini ya zamani sababu iko anaficha kitu. Angalia kwenye mikono na miguu inagusa."

Akanionyesha. Saa ya mashine, ile inayohesabu muda wa kazi, ilisema imefanya kazi kidogo tu, lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kinang'aa. Saa ilikuwa imebadilishwa, pedali walisahau. Tangu hapo, vijana, mimi naanza na pedali, kiti na usukani. Nikishajua mashine ina umri gani kweli, ndipo namsikiliza muuzaji, na mara nyingi simsikilizi.

Papa Kabwe alikuwa na kijiti cha mbao ngumu alichokikata sawasawa na pingili ishirini za mnyororo mpya. Alikilaza kwenye mnyororo wa mlingoti. Pingili zikikipita kijiti kwa unene wa ukucha, mnyororo umekufa, hata kama unapakwa mafuta kila siku. Halafu alinyanyua mzigo mzito, akachora alama ya chaki kwenye mlingoti, akazima injini, akaenda kunywa chai. Akirudi akikuta mzigo umeshuka chini ya alama, pampu au silinda inavuja ndani. Alikunywa chai nyingi sana mtu yule, yote kazini.

Mwisho alipima meno. Hapo hakuruhusu mtu kumsemesha. Jino huvunjika mahali linapojikunja, tunapopaita kisigino. Ufa wake huwa mwembamba kuliko unywele, na macho hayaoni. Papa Kabwe alikwangua rangi, akasafisha chuma, akakipaka mafuta ya taa, akangoja yaingie. Kisha alifuta mpaka kikauka kabisa, akanyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole, yanachora mstari kwenye ule weupe. Mara ya kwanza kuuona mstari ule ukijitokeza wenyewe nilisema Allahu Akbar kwa sauti, mzee akanicheka wiki nzima.

"Kila jino peke yake," aliniambia, siku hiyo na siku nyingine zote mpaka nikachoka kusikia. "Meno apana mapacha. Moja inaweza kuvunjika, wanaweka ya mashini ingine. Umepima ya kushoto? Basi, haujapima kitu bado."

Vita vilipofika mjini, Papa Kabwe alirudi kwao na kisanduku kimoja. Hatukuagana vizuri, nilidhani atarudi mambo yakitulia. Baadaye na kwao kukawaka moto, na sikupata tena habari zake. Mungu amrehemu kama ametangulia.

Niliyebaki ni mimi. Na kazi ikawa nyingi, haya ndiyo maajabu ya vita. Wafanyabiashara walifunga wakaondoka, wakauza kila kitu kisichoingia kwenye ndege. Nilikagua mashine zilizokaa miezi mvuani, mashine zilizofukiwa chini ya mabati ya ghala lililoungua. Moja ya mtaa wa Kamenge ilikuwa na tangi lililotobolewa na risasi, tundu limezibwa kwa sabuni na kitambaa. Muuzaji akaapa kwamba ni kutu. Nikamwambia, "Kutu hii imetoka Urusi?" Hakucheka. Siku zile watu hawakucheka.

Mji ulikuwa umekatika vipande. Kabila moja lilikuwa na mitaa yake, lingine na yake, na kuvuka kutoka huku kwenda kule kulitaka moyo. Majina ya makabila mnayajua, sina haja ya kuyaandika. Sisi Waswahili wa Buyenzi tulipita pita kidogo katikati, hakuna aliyetuhesabu upande wake, na hiyo haikuwa salama, ilikuwa bahati tu, leo ipo kesho haipo. Nilizika majirani watatu mwaka mmoja. Asubuhi unakwenda kazini, unaona viatu barabarani, unapita.

Kisha nchi jirani zikatufungia mipaka. Mafuta yakaadimika. Mafuta ya taa, yale ya kupikia na kuwashia taa, yakawa kitu cha kufichwa kama dhahabu. Mke wangu Mwamini alikuwa anamuuguza mama yake pale kwetu, mgonjwa asiyeweza kumeza ila uji mwembamba, na makaa yalikosekana mtaani wiki nzima. Nyumbani palikuwa na chupa moja ya soda yenye mafuta ya taa, na jiko la utambi.

Wakati huo ndipo Bwana Nasoro aliponiita. Alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, mtu wa asili ya Oman ambaye babu yake alizaliwa hapahapa, mcha Mungu, mwenye haraka. Alitaka elevateri ya mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa anaondoka na familia yake kesho yake kwa ndege. "Fundi Issa, leo ndiyo leo," alisema. "Ukisema sawa, nachukua. Ukisema apana, naacha. Mi sijui mashini, mi najua chumvi."

Nilikwenda na kisanduku changu na ile chupa. Njiani niliishika chini ya koti kama mlevi. Alikuja pia dereva ambaye angeiendesha, Deo wa Kamenge, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mikono ambayo sijaiona kwa dereva mwingine. Deo aliweza kuokota yai kwa meno ya elevateri. Simaanishi kama mfano. Alifanya hivyo siku moja kwa kuombwa, na yai tulilikaanga.

Nilikagua tangu adhuhuri. Pedali zililingana na saa. Mnyororo haukukipita kijiti. Nilinyanyua mzigo, nikachora alama, nikangoja muda wote unaotakiwa, na mzigo haukushuka hata kidogo. Nilikuwa nafurahi, nakiri. Nilikuwa sijaona mashine nzima miezi mingi.

Nikakwangua kisigino cha jino la kushoto. Nikalipaka mafuta ya taa, nikafuta, nikanyunyiza chaki. Nikangoja. Weupe ulibaki weupe, hakuna mstari.

Niliinua chupa nikaitazama. Ilibaki nusu. Nikamwona akilini Mwamini anapindua chupa juu ya jiko, nikamsikia mama mkwe anavyokohoa. Saa ya marufuku ya kutembea usiku ilikuwa inakaribia, na jua lilikuwa linashukia milima ya Kongo. Mlinzi wa ghala la muuzaji aliniona naitazama chupa akasema, "Fundi, hiyo jino ingine ni ndugu yake. Zimetoka pamoja kiwandani. Unamaliza mafuta ya nini?"

Niliziba chupa.

Deo alikuwa amesimama karibu nami. Akauliza, "Sasa, fundi, iko muzuri? Mi naweza kuipandisha juu na watu wako chini?" Maana ghala la Bwana Nasoro lilikuwa na wapakuaji wachache, wengine wamekimbia, na waliobaki walilazimika kusimama karibu na mzigo kuuelekeza. Nikamwambia, "Iko muzuri, Deo. Kabisa." Kisha nikaandika karatasi ya ukaguzi, na kwenye mstari wa meno nikaandika: yote mawili yamepimwa. Nikatia sahihi. Jioni ile mama mkwe alikunywa uji wa moto.

Mashine ilifanya kazi miezi minane bila neno. Nilianza kusahau. Siwadanganyi kwamba dhamiri ilinisumbua. Haikunisumbua hata siku moja.

Kisha Alhamisi moja asubuhi nikaja kuitwa mbio. Nilipofika ghalani nilikuta chumvi imemwagika uani nyeupe, na katikati yake nyekundu. Deo alikuwa amenyanyua magunia thelathini kuyapanga juu, jino la kulia likakatika kisiginoni, mzigo wote ukaporomoka upande. Chini yake alikuwa Sipriani, mpakuaji, baba wa watoto watano, aliyekuwa ameinua mkono kuelekeza. Walikuwa wameshamtoa na kumfunika turubai. Miguu ilionekana.

Kifo cha kazini ni msiba. Lakini Sipriani alikuwa wa kabila moja na Deo wa lingine, na mwaka ule hapakuwa na ajali kati ya makabila mawili. Ndugu za marehemu walikuwa wamefika, na vijana wa mtaa wao, na wanajeshi wanne. Kijana mmoja alikuwa anapiga kelele, "Amemuua! Amemuua kwa makusudi! Mutu wa Kamenge, mulitegemea nini?" Deo alikuwa amekalishwa chini, shati limechanika, mikono nyuma ya kichwa.

Niliinama kuangalia jino. Vijana wangu, hili mlijue: chuma kikivunjika kwa mara moja, mahali pa kuvunjika hung'aa pote. Hili liling'aa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, kutu ya miaka, na pembeni alama ya kuchomelea iliyofunikwa kwa rangi. Mtu alikuwa ameliunga zamani, na jino haliungwi, hutupwa. Lilikuwa jino la mashine nyingine. Ufa ule ulikuwepo siku ile nilipoziba chupa. Chaki ingeuonyesha.

Nilijua pale pale, kwa kupepesa macho mara moja. Naomba mlielewe hilo kuliko yote niliyoandika.

Deo aliniona. Uso wake ukafunguka. "Fundi! Fundi Issa, waambie! We unajua mashini. Waambie ni chuma, si mimi."

Mkuu wa wale wanajeshi akanigeukia. "We ni nani?"

"Fundi," nikasema.

"Basi sema, fundi. Ni nini?"

Ndugu za Sipriani walikuwa wananitazama, na nikaona mmoja wao ameshika panga, si kwa kutisha, ameshika tu. Nikafikiri: nikisema chuma kilikuwa kibovu, watauliza ni nani aliyesema ni kizuri. Karatasi iko ofisini, jina langu liko chini.

"Nitahitaji kuangalia vizuri," nikasema. "Nitarudi kesho."

Deo alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Wakamnyanyua, wakamtia kwenye gari lao.

Nyumbani sikula. Mwamini ananijua, aliweka sahani chini akauliza kuna nini, nikamweleza yote, mpaka chupa. Alifunika sahani yangu. Kisha akasema, "Kwa hiyo uji wa mama ndiyo umeua mutu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, Issa. Umesema vizuri sana. Sasa sikiliza. Usiniweke mimi na mama yangu humo. Ungeniambia mafuta imeisha, ningeenda kuomba kwa jirani, si mara ya kwanza. Kesho asubuhi uende ukamtoe yule mutu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilijiambia nitakwenda baada ya swala, Mungu anitie nguvu. Nilikaa msikitini safu ya pili. Sikumbuki hata neno moja la hotuba. Swala ikaisha, nikajiambia ofisi za watu sasa zimefungwa, wakubwa wamekwenda kula; nikajiambia na ndugu za Sipriani leo wanazika, si heshima. Sababu za woga hazikosekani, huja zenyewe kama nzi. Nilirudi nyumbani nikamdanganya Mwamini kwamba nimekwenda sikumkuta mkuu. Alinitazama, na usiku ule alilala chumbani kwa mama yake.

Jumamosi nilikwenda. Nilipitia ghalani nikachukua kile kipande cha jino, nikakibeba begani mpaka kituoni walikomfungia Deo. Nikamwekea mkuu wa kituo kile chuma mbele yake, nikamwonyesha nusu nyeusi na nusu inayong'aa. Alikuwa mtu mwenye akili, alielewa haraka kuliko mafundi wengi. Kisha akatoa karatasi ya ukaguzi. Walikuwa wameshaichukua kwa Bwana Nasoro.

"Na hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, mkuu."

"Ulipima yote mawili?"

"Apana. Moja."

Aliweka kalamu chini. "Na unakuja mwenyewe kuniambia? Mu Bujumbura hii?" Akatikisa kichwa. "Umejua lini?"

Hapo ndipo niliposema uongo wangu wa mwisho katika jambo lile. "Jana jioni," nikasema. "Nilirudi kuangalia tena, ndiyo nikaona."

Waliniweka ndani siku kumi na moja. Bwana Nasoro alinitoa, kwa njia ambazo sikuuliza, na familia ya Sipriani tuliwaendea na wazee wa pande zote mbili. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe angalau umesema." Kazini hakuna aliyenifukuza; mafundi walikuwa wamebaki wachache mno. Tangu siku ile sijawahi kutia sahihi jino ambalo sikulipaka mafuta kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyefanya kazi chini yangu anajua nilivyokuwa msumbufu kwa hilo. Mliniita Papa Chaki. Mlidhani ni ukali wa uzee.

Deo walimwachia Jumamosi ile ile, mimi nikiwa naingia. Hatukuonana. Nilipotoka alikuja kwangu na mkewe. Mkewe ndiye aliyebeba kikapu cha maharage, na ndiye aliyegonga mlango, kwa sababu mikono ya Deo yote miwili ilikuwa imefungwa matambara mpaka kwenye viwiko. Vidole vilivunjwa kimoja kimoja. Vilipona vibaya, hakuendesha tena mashine maisha yake yote.

"Imana ibahezagire," mkewe alisema, Mungu awabariki, akapiga magoti kabisa sakafuni kwangu. Nikamwinua kwa haraka.

Deo aliketi. Alitabasamu, ana pengo jipya. "Fundi, mi nakwambia kweli," alisema. "Usiku wa kwanza hawakunigusa. Waliniuliza tu maneno. Ni usiku wa pili, ile ya Ijumaa, ndiyo wakaanza na vidole. Nikasema Jumamosi wataniua. Asubuhi nikasikia sauti yako pale mulangoni. Ungechelewa siku moja tu, fundi, siku moja tu, mi siko hapa. We ulijitia ndani juu yangu. Asante."

Mwamini alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Aliniangalia. Angeweza kusema. Aliingia, akammiminia Deo, akashika kikombe mwenyewe akamnywesha.

Nilimjibu Deo, "Karibu."

Vita viliisha, kila mtu akahesabu wake. Deo alifungua kibanda cha kuuza sabuni na kiberiti huko Kamenge, akawa anahesabu chenji kwa viganja. Kila nikipita aliita wapita njia: mnamwona huyu, huyu ndiye. Nilikoma kupita njia ile. Mwaka alipomwoza binti yake mkubwa alituma watu watatu kunialika, nikashindwa kukataa. Wakaniweka mbele, meza ya wazee. Wakati wa hotuba Deo alisimama akashika maikrofoni katikati ya viganja vyake viwili, akasema kuna mtu mmoja hapa ambaye bila yeye binti huyu asingekuwa na baba wa kumtoa leo, mtu aliyekubali kufungwa ili mwenzake asife, wakati ndugu walikuwa wanawakimbia ndugu zao. "Papa Issa," akasema, "simama wakuone."

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikainua mkono kuwasalimu.